Barua taka: Nani achuje, seva ya ofisi au mwenye barua?

MWEZI Oktoba mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa ya Wilaya ya Kwanza katika jimbo la Florida, Marekani, ilitoa uamuzi ambao kila mkuu wa ofisi inayotumia barua pepe angefaa kuusoma. Mamlaka moja ya maji ilikuwa imepoteza nafasi ya kukata rufaa kwa sababu amri ya mahakama, iliyotumwa kwa mawakili wake kwa barua pepe mwezi Machi mwaka 2014, haikuonwa na wakili yeyote hadi muda wa rufaa ulipokuwa umekwisha kupita.

Ushahidi uliotolewa ulionyesha kwamba barua ilitumwa na ikapokelewa na seva ya kampuni ya mawakili. Kilichowaponza ni kile kilichofuata hapo. Mfumo wao ulikuwa umepangwa kuitupa na kuifuta kabisa barua yoyote ulioidhania kuwa taka, bila kumwarifu aliyeandikiwa.

Mtaalamu wa kompyuta aliyewahi kuihudumia kampuni hiyo alieleza kwamba aliwatahadharisha mapema juu ya mpangilio huo. Alipendekeza huduma ya nje ya kuchuja barua ambayo ingewagharimu kati ya dola 700 na 1,200 kwa mwaka. Kampuni ilikataa kwa kuogopa gharama. Mahakama haikuwaonea huruma: mtu aliyechagua kwa makusudi mfumo unaofuta barua kimyakimya hawezi baadaye kudai kwamba kutoiona barua ilikuwa ni ajali.

Kesi hiyo yaweza kuonekana kuwa ya mbali, lakini mpangilio uliowaangusha mawakili wale hauhitaji mtambo wa pekee. Waweza kuwekwa katika ofisi yoyote, ya umma au ya binafsi, na fundi mmoja kwa jioni moja, bila mkuu wa ofisi kuulizwa chochote. Swali lililo nyuma yake ni rahisi kulitamka na gumu kulijibu. Je, barua taka zichujwe kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayopokea barua za ofisi nzima, kwa kanuni moja inayowahusu wafanyakazi wote? Au kila mwenye anuani awe na chujio lake mwenyewe, alifundishe kipi ni taka na kipi si taka?

Kwa zaidi ya miaka 20 wataalamu wa teknolojia ya habari na mawasiliano (Teknohama) wamelijadili suala hilo kwa lugha ya kasi ya mitambo na gharama za vifaa. Hoja hizo zina uzito wake. Hata hivyo, wanapozibishania huwa wanaliacha pembeni jambo zito zaidi, nalo ni la madaraka: ni nani aliyepewa idhini ya kutamka kwamba barua aliyoandikiwa mtu mwingine haifai kusomwa?

Barua taka ni tatizo lenye umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mei 3, 1978, Gary Thuerk, ofisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 waliokuwa katika ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti ya leo. Lawama zilimiminika, lakini mlango ulikwisha kufunguliwa. Januari 2004, katika mkutano wa uchumi wa Davos, Bill Gates wa Microsoft alitabiri kwamba tatizo hilo lingemalizwa ndani ya miaka miwili. Miongo miwili imepita tangu utabiri huo, na folda ya barua taka ingali inajaa kila siku.

Sababu ya kudumu kwake ni ya kiuchumi. Gharama ya kutuma barua milioni moja ni ndogo mno, kiasi kwamba akipatikana mnunuzi mmoja tu kati ya maelfu kwa maelfu, mtumaji anakuwa amepata faida. Anayebeba gharama halisi ni mpokeaji na kampuni inayomhudumia: njia ya mawasiliano inayojazwa, diski inayohifadhi, na muda wa mtu wa kufuta.

Hapo ndipo hoja ya kuchuja kwenye seva inapopata nguvu. Mwaka 1998, Steve Linford alianzisha mjini London taasisi ya Spamhaus, ambayo hutunza orodha ya anuani za kompyuta zinazojulikana kwa kutuma barua taka. Seva ya ofisi, inapobishiwa hodi na seva ngeni, huiuliza orodha hiyo kwa muda mfupi mno kama mgeni huyo ana rekodi mbaya. Akiwa nayo, mlango hufungwa kabla hata barua yenyewe haijaanza kuingia.

Faida yake ilionekana wazi zaidi katika nchi ambazo njia ya intaneti ilikuwa nyembamba na ghali. Kabla ya mkonga wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, nchi za Afrika Mashariki zilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yao ya intaneti na dunia. Kwa ofisi ya Dar es Salaam au Mombasa iliyopakua barua zake kwa kutumia waya wa simu, chujio lililokaa kwenye kompyuta ya mfanyakazi lilikuwa na kasoro moja kubwa: lilifanya kazi baada ya taka kuwa zimekwisha kushuka na kulipiwa. Chujio la mlangoni liliokoa fedha taslimu.

Lipo pia tukio lililothibitisha kwamba kuwabana watumaji kwenye chanzo kunaweza kufanya kazi. Novemba 11, 2008, kampuni ya McColo ya San Jose, California, ambayo mitambo yake ilitumika kuongoza maelfu ya kompyuta zilizotekwa na wahalifu, ilikatiwa mawasiliano na kampuni zilizokuwa zikiiunganisha na intaneti. Barua taka duniani kote ziliporomoka ghafla kwa kiasi kikubwa, kabla ya kuanza kupanda tena katika miezi iliyofuata. Ikiwa kampuni moja inaweza kuwa mlango wa sehemu kubwa namna hiyo ya uchafu wa dunia, haina maana kumwachia kila karani apambane nao peke yake.

Lakini chujio la wote likikosea, huwakosea wote kwa pamoja. Kuanzia Desemba 2004, wateja wa huduma ya barua pepe ya Verizon nchini Marekani walianza kukosa barua kutoka Ulaya, baada ya kampuni hiyo kuzuia kwa jumla sehemu kubwa ya anuani za huko katika jitihada za kupunguza barua taka. Mteja aliyekuwa akisubiri barua ya ndugu au ya mshirika wa biashara hakuulizwa, na hakuwa na kitufe cha kubonyeza ili kuukataa uamuzi huo. Shauri lililofunguliwa na wateja lilimalizwa mwaka 2006 kwa makubaliano ya kulipa fidia.

Mfano mwingine ulitokea siku ya mwaka mpya. SpamAssassin, programu ya bure iliyotolewa na Justin Mason mwaka 2001 na ambayo hadi leo inatumika katika seva nyingi duniani, huipima kila barua kwa mamia ya kanuni na kuipa pointi. Zikifika 5, kwa mpangilio wake wa kawaida, barua huhesabiwa kuwa taka. Mojawapo ya kanuni hizo ilitungwa kuzinasa barua zenye tarehe ya miaka ya mbele sana, kwa kuwa watuma taka walipenda kuandika tarehe za uongo ili barua zao zikae juu kabisa. Waliotunga kanuni waliuhesabu mwaka 2010 kuwa ni wa mbele sana. Januari 1, 2010 ilipofika, kila barua halali iliyopimwa kwa kanuni hiyo ilianza kuongezewa pointi kwa kosa la kuandikwa siku hiyo.

Kanuni hiyo ilirekebishwa upesi. Hata hivyo, marekebisho yalizifikia tu seva ambazo wasimamizi wake walikuwa na desturi ya kusasisha programu zao, na si kila msimamizi anayo.

Upande wa pili wa mjadala ulipata sauti yake Agosti 2002, pale Paul Graham, mtaalamu wa programu wa Marekani, alipochapisha makala iliyopendekeza chujio la hesabu za uwezekano. Wazo lenyewe halikuwa jipya, kwani watafiti waliohusiana na Microsoft na Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wamelichapisha mwaka 1998, na hesabu zake zinatokana na kanuni ya Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza wa karne ya 18. Jipya lilikuwa msisitizo wa Graham kwamba chujio lijifunze kutokana na barua za mtu mmoja mmoja.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Mwenye anuani huonyesha programu mafungu mawili, barua anazozitaka na asizozitaka. Programu huhesabu kila neno limejitokeza mara ngapi katika kila fungu. Barua mpya inapoingia, maneno yake hupimwa kwa hesabu hizo, na uwezekano wa kuwa taka hukokotolewa.

Uzuri wa mbinu hiyo ni kwamba hakuna maneno mawili yenye uzito ule ule kwa watu wawili. Jina la dawa ya nguvu za kiume, ambalo katika seva ya ofisi ya bima ni dalili ya taka, katika anuani ya mfamasia ni sehemu ya kazi ya kila siku. Neno "mkopo" linamtisha mhasibu aliyechoshwa na matangazo, lakini kwa ofisa wa benki ni mkate wake. Mtuma taka anayetaka kulipita chujio la namna hiyo analazimika kujua kila mtu anaandikiana na nani kuhusu nini, kazi ambayo haina faida kwa mtu anayetuma barua milioni.

Kwa wasemaji wa Kiswahili hoja hii ina mguso wa pekee. Ndani ya SpamAssassin kimo kipengele kinachoitambua lugha ya barua, Kiswahili kikiwamo, na msimamizi anaweza kukiagiza kiziongezee pointi barua za lugha asizozitarajia. Msimamizi wa kampuni ya Leicester au Minneapolis aliyeagiza kwamba Kiingereza pekee ndicho kinachotarajiwa hana nia mbaya kwa yeyote. Lakini mfanyakazi wake aliyezaliwa Zanzibar, anayepokea kutoka nyumbani habari za msiba au za kiwanja, ataanza safari yake ya kuitafuta barua hiyo akiwa nyuma kwa pointi kadhaa. Chujio lililojifunza kwenye anuani yake yeye lisingefanya kosa hilo.

Kwa nini basi kila ofisi isimpe kila mfanyakazi chujio lake na mambo yakaisha?

Jibu la kwanza ni kwamba chujio lisilofundishwa halijui kitu. SpamAssassin, kwa mpangilio wake wa kawaida, haianzi kutumia hesabu hizo za maneno mpaka iwe imeonyeshwa barua taka 200 na barua halali 200. Mfanyakazi mpya anayepata barua halali 10 kwa siku atahitaji wiki nne za kazi kufikisha idadi hiyo, na hapo ni iwapo anakumbuka kuzipanga. Wengi hawakumbuki. Ofisi inayowaachia watu 300 wafundishe machujio 300 itajikuta baada ya miezi sita ina machujio machache yaliyofundishwa vizuri, machache yaliyofundishwa vibaya, na mengine yote yakiwa matupu.

Kufundisha vibaya kuna sura inayojulikana sana. Mtu aliyejiandikisha mwenyewe kupokea jarida la kila wiki, anapolichoka, hubonyeza kitufe cha "taka" badala ya kujiondoa kwenye orodha, kwa sababu kitufe kiko karibu. Tangu hapo chujio linaamini kwamba maneno yote ya jarida hilo ni dalili za uchafu.

Jibu la pili ni zito zaidi. Barua hatari za leo hazifanani na matangazo ya dawa. Ni barua zinazojifanya kutoka kwa mkurugenzi, benki au mzabuni wa siku zote, zikiomba malipo yapelekwe kwenye akaunti mpya. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea kwa mwaka 2023 malalamiko ya utapeli wa barua pepe za kibiashara wenye hasara ya dola bilioni 2.9. Barua kama hizo zimeandikwa makusudi ili mpokeaji azione kuwa ni zake. Kumfanya mpokeaji awe mwamuzi wa mwisho katika mambo hayo ni kumkabidhi mlinzi aliyelengwa kudanganywa funguo za ghala.

Kisha lipo fundo la kiufundi ambalo halitajwi sana nje ya vyumba vya mitambo, ingawa ndilo linaloamua mengi. Barua pepe husafiri kati ya seva mbili kwa mazungumzo yenye utaratibu maalumu. Seva inayotuma hutaja kwanza majina ya wapokeaji, mmoja mmoja, na seva inayopokea inaweza kumkubali huyu na kumkataa yule. Baada ya hapo maandishi ya barua hupitishwa mara moja tu kwa ajili ya wote. Yakiisha kupita, seva inayopokea ina nafasi ya jibu moja: nimeipokea, au nimeikataa.

Tuseme barua moja imeandikwa kwa watu wawili wa ofisi moja. Wa idara ya masoko anapenda kupokea matangazo ya washindani, na wa idara ya uhasibu hataki hata kuyaona. Seva imekwisha kuisoma barua na kugundua kwamba ni tangazo. Ikiikataa, inamnyima wa masoko. Ikiikubali, imechukua jukumu juu ya nakala ya mhasibu, na hapo inabaki na njia tatu tu.

Ya kwanza ni kuirudisha kwa mtumaji. Kwa kuwa anuani za watuma taka kwa kawaida ni za kughushi, barua itarudishwa kwa mtu asiyehusika, ambaye ataamka asubuhi na kukuta mamia ya barua za "haikufika" ambazo hakuzituma. Ya pili ni kuitupa kimyakimya, ndiyo iliyowafikisha mawakili wa Florida walikofika. Ya tatu ni kuifikisha, lakini katika folda ya pembeni ambako mwenyewe anaweza kuikagua.

Kutokana na fundo hilo inaonekana wazi kwamba mabishano ya seva dhidi ya mtumiaji yamegawa mambo mahali pasipofaa. Mpaka wenye maana unapita kati ya yale ambayo seva inaweza kuyathibitisha kuhusu mtumaji na yale ambayo inayakisia tu kuhusu matakwa ya mpokeaji. Kwamba kompyuta inayobisha hodi imo katika orodha ya wahalifu, kwamba inadai kutumwa na benki ambayo haikuituma, au kwamba imebeba kirusi, ni mambo yenye ushahidi na hayategemei ladha ya mtu. Hayo yakataliwe mlangoni, kwa wote, na mtumaji apewe jibu la kukataliwa papo hapo. Mtumaji halali aliyekosewa atajua kwamba barua yake haikufika na atapiga simu.

Lakini kwamba barua ina maneno mengi ya biashara, imeandikwa kwa lugha ngeni au imepambwa kwa rangi nyingi, ni makisio. Makisio hayatoshi kumnyima mtu barua yake. Yanatosha kuiweka kando mpaka mwenyewe atakapoamua.

Mwelekeo wa kampuni kubwa unaonekana kufuata mgawanyo huo, japo si kwa sababu za haki za wapokeaji. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa kuthibitisha utambulisho wao kwa taratibu tatu zinazojulikana kwa vifupisho vya SPF, DKIM na DMARC, kuweka njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na kuhakikisha malalamiko ya wapokeaji hayafiki asilimia 0.3. Kwa Google, mtumaji mkubwa ni yule anayepeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye anuani za Gmail. Microsoft ilifuata kwa huduma zake za Outlook mwezi Mei mwaka 2025. Awali ilikuwa imetangaza kwamba barua za wasiotii zingepelekwa kwenye folda ya taka, kisha ikabadili na kusema zitakataliwa moja kwa moja.

Mabadiliko hayo ya Microsoft yaweza kuonekana kuwa ni ukali uliozidi. Kwa kweli ni nafuu kwa mtumaji mwaminifu, kwa kuwa barua iliyokataliwa hutoa taarifa, na iliyozikwa kwenye folda haitoi.

Hata hivyo kampuni hizo hazijaacha kukisia. Mwaka 2015, Google ilieleza kwamba katika Gmail barua taka zinazopenya ni chini ya asilimia 0.1, na barua halali zinazotupwa taka kimakosa ni asilimia 0.05, yaani moja katika 2,000. Kwa mtu mmoja kiwango hicho ni kidogo. Kwa huduma yenye watu zaidi ya bilioni moja, ikiwa kila mmoja atapokea barua halali nne tu kwa siku, ni barua milioni mbili zinazopotezwa kila siku. Google yenyewe ilikiri wakati huo kwamba chujio lake huzingatia pia mapenzi ya kila mtumiaji, kwa kuwa jarida linalompendeza jirani mmoja laweza kumkera mwingine.

Mwaka 2022 suala hilo liliingia katika siasa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walichapisha matokeo ya uchunguzi wa barua za kampeni za uchaguzi wa Marekani wa 2020. Waliona kwamba Gmail, kwa anuani ambazo wenyewe hawakuwa wamezigusa, ilipeleka kwenye taka sehemu kubwa zaidi ya barua za wagombea wa Republican, huku Outlook na Yahoo zikielemea upande wa pili. Chama cha Republican kilifungua kesi dhidi ya Google Oktoba 2022, na Agosti 2023 mahakama ya shirikisho huko California ikaitupa. Mjadala haukuisha. Agosti 2025, mwenyekiti wa Tume ya Biashara ya Marekani, Andrew Ferguson, aliiandikia kampuni mama ya Google barua ya onyo juu ya jambo hilo hilo, na Google ikakanusha kupendelea upande wowote.

Wanasiasa walilishika tokeo moja la utafiti huo na kuliacha lingine. Watafiti waliona pia kwamba watumiaji walipoanza kuonyesha wenyewe kipi wanachokitaka, Gmail ilibadilika kuliko washindani wake. Kwa maneno mengine, tuhuma za upendeleo zilihusu zaidi chujio la wote kabla mwenye anuani hajatia mkono wake.

Sheria, katika baadhi ya nchi, imekwisha kugusa suala la madaraka. Januari 10, 2005, Mahakama Kuu ya Mkoa ya Karlsruhe, Ujerumani, iliamua katika shauri la mfanyakazi wa zamani wa chuo kikuu kimoja, ambaye barua zake zilikuwa zikizuiliwa na seva ya chuo, kwamba kuzuia barua zilizokwisha kukabidhiwa kwa ajili ya kufikishwa kunaweza kuwa kosa la jinai la kuvunja usiri wa mawasiliano. Mahakama iliacha nafasi kwa mazingira kama ya kujikinga na virusi. Februari 2006, kikundi cha wasimamizi wa ulinzi wa data wa Umoja wa Ulaya kilitoa maoni yakishauri kwamba mteja awe na uwezo wa kukataa kuchujiwa barua taka, na wa kuzikagua barua zilizohesabiwa kuwa taka.

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayogusa utumaji wa ujumbe usioombwa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huo huo, inayodai ridhaa ya mlaji kabla ya kutumiwa matangazo ya biashara. Katika suala hili zote mbili zinamlenga mtumaji. Wakati huohuo, taasisi za umma zina Mfumo wa Barua Pepe Serikalini unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, jambo lenye faida kubwa za usalama. Kadiri barua za wengi zinavyopita katika mlango mmoja, ndivyo kanuni za bawabu wa mlango huo zinavyostahili kuandikwa na kujulikana na wanaohudumiwa.

Kwa ofisi za kawaida, gharama ya kufanya hivyo ni ndogo. Inatosha kuwa na karatasi moja inayosema ni barua za aina gani zinazokataliwa mlangoni, zipi zinapelekwa kando, zinakaa huko siku ngapi, na nani anayeulizwa barua isipoonekana. Uamuzi huo si wa fundi peke yake, kwa kuwa atakayeulizwa na mahakama au na mteja si fundi.

Kipengele cha siku ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Gmail, inayotumiwa pia na ofisi nyingi zilizojiunga na huduma ya kulipia ya Google, huzifuta zenyewe barua zilizokaa kwenye folda ya taka kwa zaidi ya siku 30. Likizo ya mwaka ya mfanyakazi nchini Tanzania ni siku 28, hivyo anayerejea kazini kwa wakati bado atazikuta. Likizo ya uzazi ni siku 84. Ofisa manunuzi anayerudi kutoka likizo hiyo, ikiwa hakuna aliyepewa kazi ya kuikagua folda yake, atakuta barua za mwezi wa mwisho tu, na hatakuwa na njia ya kujua ni zipi zilizotangulia.